Fundi na Jabari: Kazi za Mikono za Wapenzi wa Hadithi za Picha kama Uhakiki

Utangulizi

Imezoeleka katika uhakiki wa fasihi kumchukulia msomaji kuwa mpokeaji. Mwandishi hutunga, mchapishaji huchapa, msomaji husoma. Na msomaji akiwa na neno la kusema, hulisema kwa maneno, ama barazani ama katika kurasa za jarida. Mtazamo huu haumtambui msomaji ambaye, baada ya kukifunga kitabu, huchukua mkasi, uzi na gundi akakijibu kwa kitu kinachoshikika. Msomaji wa aina hiyo yupo, na kazi zake ni nyingi: mwanasesere aliyefumwa kwa kroshia, barakoa iliyokatwa katika sponji, mto uliodariziwa nembo ya shujaa, sanduku lililobandikwa kurasa za hadithi yenyewe. Aghalabu wataalamu huziita kazi hizi mchezo wa kitoto na kuzipita. Makala haya yanakusudia kuzichunguza katika uwanja mmoja mahsusi, yaani hadithi za picha za Marekani zinazohusu mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu, na kuuliza kama zaweza kuhesabiwa kuwa uhakiki, na kwa kipimo gani.

Yafaa istilahi mbili zifafanuliwe. Neno shujaa halitoshi kumtaja Superman na wenzake, kwani shujaa ni mtu wa kawaida aliyeishinda hofu yake. Anayezungumziwa hapa ni yule ambaye umbile lake lenyewe limepita kipimo. Huyo ataitwa jabari, ingawa neno hilo lina matumizi mengine katika dini. Mtengenezaji naye ataitwa fundi. Neno hili lina ukoo mmoja na funda na fundisha, na Kiswahili hulitumia kwa mshonaji, mwashi na mtengeneza magari bila ya kuwatenga. Kwa hiyo tangu mwanzo lugha yenyewe inakiri kwamba katika kazi ya mikono mna elimu.

Jabari aliyetoka mikononi

Historia ya jabari wa Marekani kwa kawaida huanzishwa mwaka 1938, lilipotoka toleo la kwanza la Action Comics likiwa na hadithi ya Superman. Tarehe hiyo ni ya kiwanda. Tarehe ya mkono ni ya awali zaidi. Mnamo Januari 1933 vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walitoa toleo la tatu la gazeti lao dogo la hadithi za kisayansi, wakalizalisha wenyewe kwa mashine ya stensili. Humo mlikuwa na kisa cha mtu mwenye uwezo wa ajabu aliyeitwa kwa jina hilohilo la Superman, ila huyu wa kwanza alikuwa mwovu mwenye kipara. Shuster, kwa ufukara wa nyumba yao, alizoea kuchora juu ya karatasi za kufungia bidhaa na juu ya migongo ya karatasi za kupambia kuta. Ni dhahiri basi kwamba jabari mashuhuri kuliko wote alizaliwa katika kazi ya mikono ya mashabiki, kabla ya kuwa bidhaa.

Jambo la pili ni kazi za wazazi wa watunzi hao. Baba yake Shuster alikuwa fundi cherehani, na baba yake Siegel alikuwa na duka la nguo. Jack Kirby, aliyechora majabari wengi wa kampuni ya Marvel, alikuwa mwana wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mjini New York. Na baba yake Stan Lee alikuwa mkata vitambaa vya magauni. Wote wanne walikuwa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Ulaya. Si lazima mhakiki adai kwamba kila mwana wa mshonaji atachora mavazi. Lakini inapoonekana kwamba utanzu mzima umejengwa juu ya vazi, kiasi kwamba mtu akilivaa ni jabari na akilivua ni karani, haielekei kuwa watu waliokulia kati ya vitambaa waliibuni fani hiyo kwa bahati tu.

Mwaka 1938 Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130, nayo ikawa ndiyo malipo ya kurasa 13 za hadithi ya kwanza. Walipigania haki hiyo mahakamani wakashindwa, na hata kwa muda mrefu majina yao yakaondolewa katika hadithi. Mwaka 1975 tu, baada ya lawama za hadharani, ndipo wenye kampuni walipokubali kuwapa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Kisa hiki ni mfano kamili wa uhusiano wa mkono na mtaji: aliyefanya kazi alitengwa na matunda ya kazi yake. Jabari aliyeweza kuinua gari kwa mkono mmoja hakuweza kuwasaidia mafundi wake kulipa kodi ya nyumba.

Sifa za ufundi ndani ya hadithi

Licha ya historia hiyo, au pengine kwa sababu yake, hadithi zenyewe zimejaa sifa za ufundi. Katika masimulizi ya baadaye ya Superman inaelezwa kwamba vazi lake lilishonwa na mama aliyemlea, kutokana na mablanketi aliyokuwa amefungiwa mtoto katika chombo kilichomleta duniani. Spider-Man, aliyeanza mwaka 1962 katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, ni mwanafunzi asiye na fedha: nguvu alizipata kwa ajali ya kuumwa na buibui, lakini vazi na chombo cha kurushia utando alijitengenezea mwenyewe. Iron Man, aliyeanza mwaka 1963, hana nguvu yoyote ya maumbile. Ni mhandisi aliyetekwa Vietnam, akajiundia deraya ya chuma mbele ya macho ya waliomteka, wakidhani anawatengenezea silaha.

Msomaji wa tenzi za pwani hatashangazwa na kisa hicho cha mwisho. Fumo Liyongo naye, alipokuwa kifungoni akingojea kuuawa, hakuvunja pingu kwa nguvu zake. Aliletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa, akazikata pingu polepole huku kelele za ngoma zikiuficha mlio wa chuma. Kadhalika, jabari huyo ambaye silaha haikumdhuru aliuawa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Katika masimulizi yote mawili, yaliyotungwa mbali na bila ya kujuana, chombo cha fundi ndicho kinachoamua maisha ya mwenye nguvu. Nguvu peke yake haitoshi kuwa hadithi. Sharti pawe na kitu kilichotengenezwa.

Fundi kama msomaji

Mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi ulifanyika New York mwezi Julai 1939. Wageni wawili kutoka Los Angeles, Forrest J Ackerman na Myrtle Douglas, walifika wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo, yenye mfano wa yale ya filamu ya Things to Come ya mwaka 1936. Wengi wanautazama mwaka huo kuwa mwanzo wa desturi ambayo Japani, katika miaka ya 1980, ililipa jina la kosplei. Kwa wanaisimu pana jambo la kuongeza: wawili hao walikuwa wapenzi wa Kiesperanto, na Douglas alijulikana miongoni mwa mashabiki kwa jina la Morojo, lililotokana na matamshi ya Kiesperanto ya herufi za mwanzo za jina alilolitumia.

Kwa miaka mingi masimulizi ya tukio hilo yalimtaja Ackerman kuwa ndiye wa kwanza. Hata hivyo mavazi yote mawili yalishonwa na Douglas. Aliyevaa akasifiwa, aliyeshona akasahauliwa. Hapa ndipo uzito wa suala hili unapoonekana. Kuzidharau kazi za mikono za mashabiki si suala la ladha peke yake, kwani dharau hiyo huwafuta katika historia ya fasihi watu mahsusi, na aghalabu watu hao ni wanawake. Katika nyumba nyingi za Kenya makochi hutandikwa vitambaa vya kufuma, na hakuna anayesema kwamba aliyevifuma hana akili ya kutunga ruwaza. Uzi uleule na kroshia ileile vikimfuma Batman, kazi huitwa ya kitoto. Haielekei kwamba kosa limo katika uzi.

Je, fundi husoma nini asichokisoma mwingine? Jibu limo katika mshono. Vazi la jabari lililochorwa karatasini halina mshono, halina zipu wala kifungo; limegandana na mwili kama rangi. Fundi anapojaribu kulishona hugundua kwamba mchoraji amekwepa maswali yote: mvaaji ataingilia wapi? Atainamaje? Joho refu litafanya nini upepo ukivuma? Na katika mavazi ya majabari wa kike, anayeshona hugundua haraka kwamba nguo iliyochorwa haiwezi kukaa mwilini mwa mtu anayekimbia, sembuse anayepigana. Mhakiki wa maneno angeweza kuandika kurasa kumi juu ya jinsi mwanamke alivyochorwa ili atazamwe. Fundi huyafikia matokeo yayo hayo kwa futi ya kupimia. Filamu ya The Incredibles ya mwaka 2004 iliuelewa ukweli huu ilipomweka mshonaji, Edna Mode, kuwa ndiye mkosoaji mkali wa majabari wote: yeye ndiye anayeyakataza majoho, tena kwa kutaja waliokufa kwa sababu yake.

Anayefuma mwanasesere naye hutoa hoja ya namna nyingine. Jabari aliyechorwa ni misuli mitupu; jabari aliyefumwa ni mviringo, laini, mwenye kichwa kikubwa, wa kukumbatiwa na mtoto. Ukali wote umeondolewa, na bado anatambulika kwa rangi mbili na nembo moja. Fundi amethibitisha kwa vitendo kile ambacho wanafasihi hukiita kiini cha uhusika: ameonyesha ni sifa zipi zinazoweza kuondolewa na ni zipi ambazo zikiondolewa mhusika hayupo. Vivyo hivyo kwa anayedarizi picha za michezo ya kompyuta ya miaka ya 1980. Picha hizo ziliundwa kwa vijiraba vichache vilivyohesabika. Kila kijiraba huwa mshono mmoja, na mdarizi anapovihesabu husoma upya uchumi wa mchoraji wa kwanza.

Hoja zinazopinga

Hoja ya kwanza ni ya zamani. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha Seduction of the Innocent, kitabu kilichodai kwamba hadithi za picha ziliwaharibu vijana. Mwaka huohuo wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni kali za kujichuja, na mabaki ya kanuni hizo hayakuachwa kabisa hadi mwaka 2011. Wapinzani wa hadithi za picha humtaja Wertham hata leo. Wasichokitaja ni kitabu chake kingine, The World of Fanzines, cha mwaka 1973. Humo Wertham aliyachunguza magazeti madogo ambayo mashabiki waliyaandika, wakayachora na kuyasambaza wenyewe, akayasifu kuwa ni mawasiliano huru yasiyotawaliwa na biashara. Mtu aliyeilaani bidhaa aliisifu kazi ya mikono iliyotokana na bidhaa ileile. Anayetaka kumtegemea Wertham hana budi kumsoma mpaka mwisho.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Inasemwa kwamba fundi wa namna hii ni mtumishi asiyelipwa wa makampuni: anatumia fedha na usiku wake kumtangaza jabari wa mtu mwingine. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Makampuni yameutambua upenzi huo, nayo huuza ruwaza, vitambaa vyenye nembo na hata vifurushi vya vipande vilivyokwisha kukatwa, ambavyo mnunuzi hubakiwa na kazi ya kuvibandika tu. Kazi ya namna hiyo haistahili kuitwa uhakiki, kama ambavyo kuandika imla hakustahili kuitwa utunzi.

Kwa hiyo ni lazima pawe na kipimo, na makala haya yanapendekeza daraja tatu. Daraja ya kwanza ni ya kunakili: fundi hufuata ruwaza, na sifa yake ni usahihi. Daraja ya pili ni ya kutohoa: fundi hulihamisha umbo kutoka mali moja kwenda nyingine, kutoka wino kwenda uzi au sponji, na sifa yake ni ufumbuzi wa matatizo yaletwayo na mali hiyo. Daraja ya tatu ni ya kuhakiki: kitu kilichotengenezwa husema jambo ambalo hadithi haikulisema, au lililokanushwa na hadithi. Kutokana na kipimo hiki itaonekana kwamba kazi nyingi za mashabiki ni za daraja ya kwanza. Hilo si aibu. Mashairi mengi pia ni ya daraja hiyo.

Yafaa kulinganisha na sanaa inayotundikwa katika majumba ya makumbusho. Mwaka 1963 mchoraji Roy Lichtenstein alichora Whaam!, picha kubwa ya ndege za kivita, akiitegemea picha iliyochorwa na Irv Novick katika kitabu cha hadithi za vita cha mwaka 1962. Jumba la Tate la London liliinunua mwaka 1966. Lichtenstein alikuza nukta za wino wa bei rahisi zikawa mtindo, na wahakiki wakaandika mengi juu ya maana yake. Anayekata kurasa zilizochakaa na kuzibandika juu ya sinia naye huchagua picha, huiondoa katika mfuatano wa kisa na kuipa mahali papya. Tofauti iliyopo ni ya ukubwa, ya bei na ya tabaka la watazamaji. Mhakiki anayeikubali kazi ya kwanza na kuikataa ya pili sharti aeleze kama anahukumu kazi au anahukumu ukuta ilipotundikwa.

Afrika Mashariki

Hadithi za picha za Kiswahili hazikumchukua jabari kwa haraka. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa magazeti ya Kenya kwa miongo mingi, ni juha kama jina lake linavyosema; na wahusika wa jarida la Sani la Dar es Salaam walikuwa watu wa vichekesho vya mitaani. Jabari alibaki katika utenzi na ngano. Shujaaz, jarida la picha lililoanza Kenya mwaka 2010 kwa lugha ya Sheng, lilimleta mhusika wa aina nyingine: kijana asiye na kazi aliyejiundia kituo cha redio chumbani mwake. Nguvu ya mhusika huyo ni ufundi wake. Hapa hadithi ya Kenya ilikutana na Iron Man bila ya kuwa na fedha zake.

Kisha ikaja Wakanda. Black Panther alibuniwa na Lee na Kirby mwaka 1966. Filamu yake ya mwaka 2018, akiwamo mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o, ilionyeshwa Kisumu mwezi Februari mwaka huo. Mavazi yalibuniwa na Ruth E. Carter, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019. Yalichanganya shanga zenye asili ya Wamaasai, mablanketi ya Wasotho na kofia ya wanawake wa Kizulu, ambayo taji la malkia lililoifuata lilitolewa kwa mashine ya kompyuta. Wahusika nao walizungumza Kixhosa. Mwanaisimu ana haki ya kuuliza Afrika hii iliyoshonwa kwa vipande ni ya nani. Lakini fundi wa Kenya anayejishonea vazi la Wakanda amewekwa mahali pa pekee pa kulijibu swali hilo. Shanga zilitoka mikononi mwa wanawake wa nchi yake, zikapita Hollywood, zikarudi zikiwa bidhaa yenye nembo. Akilinakili vazi hilo kutoka picha ya tangazo, ameununua urithi wake mwenyewe. Akimwendea mshona shanga, akajifunza maana ya kila rangi na kuisahihisha filamu pale ilipokosea, ameandika uhakiki wa daraja ya tatu.

Mali ya kazi hiyo ipo. Sponji nyepesi wanayoikata mafundi wa Marekani kuwa deraya ni ya jamii moja na ile ya malapa, na malapa yaliyookotwa katika fukwe za Kenya yamekuwa yakichongwa Nairobi kuwa twiga na kasa. Mfano wa mtu nao upo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, ambaye kwa mkono wake Utenzi wa Fumo Liyongo uliandikwa mwaka 1913, alikuwa pia mchonga mbao. Hakuna msomi wa Kiswahili anayedai kwamba uchongaji wake ulimpunguzia ushairi. Mkono uliohifadhi masimulizi ya jabari ulikuwa mkono wa fundi.

Pana tofauti moja ambayo haipaswi kufichwa. Liyongo hana kampuni. Kila fanani ana haki naye, awe anaimba, anachonga au anadarizi. Superman ana mwenyewe, na kwa sheria ya Marekani ya miaka 95 hadithi yake ya kwanza itakuwa mali ya umma mwanzoni mwa mwaka 2034. Mpaka hapo fundi anayemshona na kumuuza sokoni yumo hatarini kushtakiwa. Lakini tabia ya fundi huyo, ya kulichukua umbo linalojulikana na wote, kulitoa upya kwa mkono wake na kulipeleka mbele ya hadhira inayoweza kumsahihisha, ni tabia ileile ya fasihi simulizi. Kwa maana hiyo mashabiki wa Cleveland na Los Angeles wanaeleweka vizuri zaidi kwa istilahi za fanani na hadhira kuliko kwa istilahi za mwandishi na mnunuzi.

Hitimisho

Mwaka 1968 mjadala ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba ulidai kwamba fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo. Dai hilo lilipofaulu, wanafunzi walitumwa vijijini kukusanya ngano kutoka kwa watu ambao hapo awali hawakuhesabiwa kuwa watunzi. Kazi za mikono za mashabiki zinadai hatua ya namna hiyo. Hazidai kusifiwa zote. Zinadai kutazamwa moja moja na kuhukumiwa kwa kipimo. Idara inayomtuma mwanafunzi kwa bibi msimuliaji yaweza pia kumtuma kwa mshonaji, akiwa na daftari, akamwulize kwa nini ameuweka mshono pale na si pengine. Na jina la mshonaji liandikwe, lisije likapotea kama lilivyokaribia kupotea la yule aliyeyashona mavazi ya New York.